Ndevu Zinazojikunja na Wembe wa Babu



Katika kurasa hizi tumezoea kuandika juu ya ndoa, masomo ya watoto, na pesa ya nyumba inayoisha kabla mwezi haujaisha. Leo nitaandika juu ya kidevu cha mwanaume. Musicheke kwanza. Katika miezi hii vijana watatu wamenijia nyumbani, mmoja mmoja, na hakuna aliyekuja juu ya mchumba wala juu ya deni. Walikuja juu ya ndevu. Shingo na taya zao zilijaa vipele vigumu, vingine na usaha ndani. Wananyoa kila asubuhi sababu kazi inataka hivyo, na kila asubuhi damu inatoka. Mmoja alikuwa ameacha kuimba katika kwaya, hakutaka kusimama mbele ya watu. Jirani mmoja alimwambia kwamba kuko mtu amemtupia kitu. Hapana. Hakuna mtu aliyemtupia kitu. Ni ndevu zake mwenyewe, na namna anavyozinyoa.

Mimi ninajinyoa kwa wembe wa kukunja, ule wazee wetu wanaita kwa Kifaransa coupe-chou. Babu yangu, aliyefanya kazi ku Likasi wakati wa Union Minière, ndiye aliyenifundisha, na wembe wenyewe ni wake. Juu ya chuma imeandikwa Solingen. Huo ni mji wa Ujerumani unaotengeneza visu na nyembe tangu karne nyingi, na tangu mwaka 1938 sheria ya kule inalinda jina hilo, mtu wa fasi ingine asiliandike juu ya kisu chake. Mgongo wa wembe ni mnene, kisha chuma kimechimbwa pande zote mbili mpaka karibu na makali kinakuwa chembamba kama karatasi. Mgongo mnene si pambo. Ndio unaoshika pembe ya makali wakati wa kunoa, sababu mgongo na makali vinagusa jiwe pamoja.

Jiwe hilo nalo lina habari yake, na watu wa migodi wataifurahia. Babu alilinunua kwa Mbelgiji mmoja aliyekuwa anarudi kwao mwaka 1960. Linaitwa coticule, rangi yake ni ya manjano kama maziwa yaliyochanganywa na yai, nalo linatoka chini ya udongo wa Ubelgiji, upande wa Ardennes, karibu na mji mdogo wa Vielsalm. Wachimbaji wa kule walifuata mshipa wa jiwe la manjano wenye unene wa sentimita chache tu, umebanwa katikati ya mawe ya rangi ya buluu, kama vile wazee wetu walivyofuata mshipa wa malakiti. Ndani ya jiwe kuna chembe za garneti, mingi yake haifiki sehemu 2 za mia za milimita moja. Garneti ni ngumu kupita chuma, lakini chembe ni ndogo na za mviringo, basi hazichani makali, zinayalainisha. Unaweka maji tu, si mafuta, unasugua polepole, mara moja kwa miezi miwili au mitatu.

Kila siku unaponyoa, usiguse jiwe. Unatumia mkanda wa ngozi. Unaufunga ku kitasa cha mlango, unaukaza, unapitisha wembe mara 30 au 40, mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Ukifika mwisho unageuza wembe juu ya mgongo wake, hapana juu ya makali. Ukiyatanguliza makali, utakata mkanda na wembe utaharibika kwa mara moja. Babu hakuruhusu mtu kusema naye wakati huo.

Lakini yote hayo, chuma, jiwe na mkanda, ni nusu ndogo ya kazi. Nusu kubwa inafanyika kabla wembe haujafunguliwa, na hapo ndipo vijana wetu wanakosa.

Jioni ya siku ya posho babu aliweka birika juu ya mbabula. Maji yakipata moto alinawa uso kwa sabuni, akachovya kitambaa katika maji ya moto, akakikamua, akajifunga nacho kuanzia chini ya kidevu mpaka juu ya kichwa, akakaza fundo. Kisha aliketi na kunywa chai akiwa amefungwa vile. Sisi watoto tulisema babu anaugua jino kila siku ya posho. Kitambaa kikipoa, alikichovya tena. Alifanya hivyo mara tatu, karibu dakika 10. Nilipokuwa kijana na haraka zangu nilimwuliza kwa nini tusianze tu. Akajibu: “Mutoto, maji njo inakata. Wembe inaokota tu.”

Nilifikiri ni maneno ya wazee. Baadaye nilisoma na kuona kwamba alikuwa na haki. Watengenezaji wa nyembe wamesema tangu zamani kwamba unywele mkavu wa ndevu ni mgumu karibu kama waya wa shaba wa unene uleule. Wewe unayefanya kazi ya shaba unajua waya wa shaba ni nini. Lakini unywele una jambo moja ambalo shaba haina: unakunywa maji. Ukikaa ndani ya maji unaweza kuchukua karibu theluthi moja ya uzito wake, unavimba, unakuwa laini, na nguvu ya kuukata inapunguka sana. Dakika mbili au tatu za maji ya vuguvugu zinatosha kwa kazi hiyo. Babu alizidisha kidogo sababu alipenda chai. Tena, sabuni ya kwanza si ya kuleta povu. Ni ya kuondoa mafuta ya ngozi yanayofunika unywele, ili maji yapate njia.

Sasa, mimi nimeongeza kitu ambacho babu hakukijua, nilichopata kwa muuguzi mmoja wa dispensari. Nunua burushi ya meno iliyo laini, weka alama juu yake mtu asije akaitia kinywani, na iwe ya kidevu tu. Baada ya kitambaa cha moto, weka sabuni kidogo na usugue taya na shingo kwa mizunguko midogo, polepole, bila kuchubua. Kazi yake ni kuinua ndevu ambazo ncha zake zimeanza kuingia katika ngozi. Nilipowaambia vijana habari hii waliangaliana kana kwamba mchungaji amepotewa na akili. Mmoja aliniuliza kama ninatumia na dawa ya meno. Hapana, sabuni tu.

Juu ya mafuta watu wana mashauri mengi. Babu alipaka tone la mafuta ya mawese kabla ya povu, na shati lake jeupe lilijua. Mimi ninatumia matone matatu ya mafuta ya kupikia yasiyo na rangi, na ninayapaka baada ya maji, si kabla. Ukianza na mafuta, unafungia maji nje. Kisha povu: sabuni inayotoa povu zito, burushi ya kunyolea yenye maji kidogo, na subira ya kuzungusha mpaka povu lisimame. Povu linaloteremka shingoni ni maji tu yaliyovaa nguo nyeupe.

Hapa sasa ninafika ku jambo lenyewe.

Vitabu vya kunyoa viliandikwa Ulaya. Mwaka 1769 fundi wa visu wa Paris, Jean-Jacques Perret, alitoa kitabu kizima cha kuwafundisha wanaume kujinyoa wenyewe. Tangu hapo mafundisho ya wembe wa kukunja yamekuwa karibu yaleyale. Laza wembe kwa pembe ya nyuzi kama 30. Vuta ngozi kwa mkono mwingine mpaka ikaze. Nyoa mara ya kwanza kufuata upande ndevu zinakolala, kisha paka povu tena, unyoe kinyume, mpaka kidole kisisikie kitu. Kwa Mzungu ni shauri jema. Ndevu zake kwa kawaida zimenyoka.

Zetu sisi wengi zinatoka zikiwa zimepinda tayari, kama waya uliozungushwa ku kijiti. Ukizikata, ncha inabaki kali. Baada ya siku moja au mbili ncha ile inakua, inapinda, na kuchoma ngozi pembeni. Mwili unafikiri umechomwa na mwiba, unaleta uvimbe na usaha. Hiyo ni njia ya kwanza. Ya pili ni mbaya zaidi. Ukivuta ngozi kwa nguvu na kunyoa kinyume, unakata unywele wakati umevutwa nje. Ukiachilia ngozi, ncha inazama chini, na kule ndani inatoboa ukuta wa tundu lake bila kutoka nje hata kidogo. Kijana anaona kipele, anafikiri hakunyoa vizuri, kesho yake ananyoa kwa nguvu zaidi. Anatia kuni katika moto anaotaka kuuzima. Wengine wanabaki na makovu manene yasiyoondoka.

Basi ule mguso laini wa shavu, ambao vijana wanautafuta ili wapendeze siku ya Mungu, ndio unaowaharibu. Mwenye ndevu zinazojikunja asinyoe mpaka chini. Ashike ngozi itulie tu, asiivute. Afuate upande ndevu zinakolala, na shingoni auchunguze kwanza kwa kidole, sababu pale mara mingi ndevu zinalala kwa upande wa ajabu. Apite mara moja, asirudie. Kidole chake kitasikia ndevu kidogo. Akiache kisikie.

Tena nitasema jambo ambalo babu asingelipenda. Wembe wa kukunja si lazima. Ninaupenda, na mkono wangu umeuzoea, lakini kijana wa miaka 19 mwenye haraka ya kwenda kazini atajikata. Kiwembe kimoja katika mpini wa kawaida, mfano wa kile King Camp Gillette alichoanza kuuza Marekani mwaka 1903, kinafaa kabisa akifuata matayarisho niliyoandika. Lakini mashine za viwembe viwili au vitatu vilivyopangwa pamoja aziache. Zimetengenezwa ili zikate chini kabisa, na chini kabisa ndipo ugonjwa unapoanzia. Anayepata mashine ya umeme ya kinyozi akaacha milimita moja ya ndevu, huyo amepona karibu bure.

“Lakini Papa Pasta,” yule mwana-kwaya aliniambia, “kapita anasema kama sinyoe, siingie mu shimo.” Hapo nilinyamaza kidogo, sababu kapita hana kosa. Maski ya mavumbi inayobana uso inafanya kazi kwa kushikamana na ngozi. Ndevu zikipita chini ya mpira wake, hata za siku moja au mbili, zinafungua njia, na mavumbi ya mawe yanaingia. Mavumbi hayo yanaharibu mapafu, na mapafu hayapone kama kidevu kinavyopona. Kuko mabwana duniani wanaokataza ndevu bila sababu. Mwaka 1993 mahakama moja ya rufaa ya Marekani iliona kwamba katazo la ndevu la kampuni moja ya kuuza piza liliwaumiza watu Weusi kupita wengine, kwa ajili ya ugonjwa huu huu. Lakini mwenye kupeleka piza havai maski. Mchimbaji anavaa, au angepaswa kuvaa. Tunajua wangapi katika wachimbaji wadogo hawana hata moja.

Tulichukua maski yake, akaivaa mbele ya kioo changu, nikachora kwa kipande cha sabuni mahali mpira unapogusa: juu ya pua, chini ya mashavu, chini ya kidevu. Kisha akaivua. Tulitazama wote wawili. Vipele vyake vibaya zaidi vilikuwa chini ya mstari ule, shingoni, mahali maski haifiki. Alikuwa anajichinja kila asubuhi fasi ambayo hakuna mtu aliyemwomba ainyoe.

Daktari wa dispensari aliandika karatasi, wakamweka juu ya udongo kwa majuma manne. Katika majuma hayo hakunyoa kabisa. Hii ndiyo dawa ya kwanza, na haiuzwi. Ndevu zikifika urefu wa karibu sentimita moja, nyingi zinajivuta zenyewe kutoka katika ngozi, kama mtego unaofyatuka. Majuma mawili ya kwanza aliwashwa sana, na kwa mama yake hakusifiwa. Asubuhi na jioni maji ya vuguvugu na burushi. Ncha iliyojikunja aliinua kwa sindano iliyochemshwa, aliinua tu, hakung’oa, sababu unywele uliong’olewa unarudi ukiwa chini ya ngozi. Sasa ananyoa mstari wa maski peke yake, na shingo anaipitisha mashine. Vipele vimebaki vitano au sita. Anaimba.

Neno moja kwa wazazi, na hili si la mchezo. Katika nyumba mingi kuko kiwembe kimoja juu ya dirisha. Baba ananyolea ndevu, mama ananyolea kichwa cha mtoto, mwana mkubwa anakichukua akienda kuoga. Damu ya mmoja inamfikia mwingine. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili, juu ya kitu kikavu, angalau siku 7. SIDA nayo haihitaji kuelezwa katika gazeti hili. Kila mtu na kiwembe chake, hata ndugu wa tumbo moja. Ukienda kwa kinyozi mwenye mpini wa kukunja, mwambie avunje kiwembe kipya mbele ya macho yako. Si haya. Kama ana wembe wa zamani kama wangu, unaonyoa watu kumi kwa siku, nenda nyumbani na ndevu zako. Wangu mimi haujagusa uso wa mtu mwingine tangu babu alipofariki. Nilipoupokea niliuosha kwa sabuni, nikauweka dakika 10 ndani ya maji ya Javel: kipimo kimoja kwa vipimo 6 vya maji, kama chupa inaonyesha klorini 3,5 kwa mia. Kisha nikausuuza haraka, maana Javel inakula chuma.

Ukijikata, jiwe la alun kutoka sokoni likiloweshwa linakamata damu vizuri. Mwandishi mmoja wa Roma ya zamani, Plinius, aliandika kwamba utando wa buibui unafaa kwa majeraha ya kinyozi, na nimeona mzee mmoja wa Kambove akifanya vivyo hivyo. Nyumba yangu ina utando wa kutosha, lakini una mavumbi mengi. Ninabaki na alun.

Baada ya kunyoa, maji baridi, kitambaa safi cha kugusagusa bila kusugua, basi. Pombe ya manukato juu ya ngozi yenye vipele ni mateso yasiyo na faida.

Mwenye wembe wa kukunja aukaushe mpaka ndani ya kifundo chake, hasa miezi ya mvua, toka mwezi wa 11 mpaka wa 3, wakati kila chuma mu nyumba kinashika kutu. Asiuache fasi ya kuogea. Mafuta ya mawese yasitumike hapa, yanaganda na kunata. Tone moja la mafuta ya cherehani linatosha, na mke wangu anajua kila tone lililobaki katika chupa yake.